Kabureta Iliyokwenda Kasai

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Ramla hakikuwa uso wake. Kilikuwa plagi ya pikipiki, ile ambayo sisi watu wa Lubumbashi tunaiita buji, ikining'inia kifuani pake kwenye uzi mweusi wa nailoni, mahali ambapo jirani yake Mkristo angevaa msalaba. Alikuwa akipima urefu wa suruali niliyotaka kuivaa siku ya kupokea diploma yangu ya chuo kikuu, ile ya licence, na kila alipoinama plagi iligonga ukingo wa meza ya cherehani: tik. Akiinuka, inanyamaza. Akiinama tena, tik. Kauri yake nyeupe ilikuwa imesuguliwa na ngozi ya mwanamke huyo mpaka ikang'aa kama kikombe cha chai.

Nilijizuia kwa muda, kisha nikashindwa.

"Mama, samahani. Hiyo shingoni ni nini?"

"Ni buji."

"Naona ni buji. Lakini shingoni?"

"Bantu bengine banabeba ufunguo wa nyumba, miye ninabeba buji. Weye licencié mujima, haujaona mwanamuke mwenye buji?" Akacheka, pini zikiwa bado katikati ya midomo yake. "Simama muzuri. Ukiendelea kutetemeka hivi, mguu moja itakuwa mufupi."

Kando ya cherehani alikaa mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe iliyoshonwa kwa mkono, karibu kabisa, hata vipande vya uzi vilikuwa vimenasa kwenye kanzu yake. Huyo ndiye Papa Zakari, baba yake Ramla. Alinitazama kwa upole na hakujibu salamu yangu. Nilidhani ni kiburi cha uzee. Haikuwa hivyo, na nitaeleza.

Ramla ni fundi wa nguo katika mtaa wa Kamalondo, si mbali na reli. Umri wake ni zaidi ya miaka arobaini. Babu za baba yake walitoka Kasongo, Maniema, wakashuka huku Katanga na biashara, na ukoo wao haujaacha biashara wala msikiti. Ramla ana mikono mifupi, sauti ya juu, na kawaida ya kumtania mteja mpaka mteja asahau kulalamika kwamba nguo haijawa tayari. Ukimwuliza kwa nini hakuolewa tena baada ya mume wake kufariki, atakuambia kwamba ana baba wa kutunza na pikipiki ya kufufua, na mwanamume gani atakubali kuwa wa tatu. Mimi nilidhani hiyo pikipiki ni mzaha.

Nilirudi kuchukua suruali. Ilikuwa haijawa tayari. Nilirudi tena, na siku hiyo ya pili ndiyo niliyoshuhudia jambo ambalo mpaka leo sijaacha kulisimulia.

Mwanamke mnene wa makamo alisimama mlangoni mwa ua, amejifunga kitenge kipya, mkononi ana furushi dogo la kitambaa. Alitazama ukuta, akatazama mpapai, akatazama bomba la maji, kama mtu anayelinganisha nyumba na picha aliyonayo kichwani.

"Hodi. Hapa njo kwa Papa Zakari?"

"Ee, hapa njo kwake," alijibu Ramla. "Karibu, mama. Ni kwa kushona?"

"Apana. Niko Madeleine. Madeleine wa Donat."

Cherehani ilisimama. Ramla alishika plagi kifuani kwa mkono wake wote, kama mtu anayezuia moyo usitoke. Madeleine aliiona plagi hiyo naye, na macho yake yakajaa machozi hapohapo.

"Ungali unaibeba?" aliuliza.

"Na mweye?" alisema Ramla kwa sauti ndogo sana. "Mungali nayo?"

Madeleine aliweka furushi juu ya meza ya kukatia na kulifungua. Ndani ya kitambaa kulikuwa na kitambaa kingine, na ndani ya hicho kingine tena, kila kimoja cha zamani kuliko kile cha nje. Mwisho kikatokea kipande cha chuma chenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, chekundu kwa mafuta, chenye koo na midomo. Ilikuwa kabureta.

Ili msomaji aelewe, inafaa nirudi nyuma, kwenye miaka ya tisini mwanzoni. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Niliyoyapata nimeyapata kwa Ramla, kwa Madeleine na kwa Papa Zakari mwenyewe, ambaye mtu lazima amwulize kwa kupaza sauti kwenye sikio la kushoto.

Wakati huo Papa Zakari alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu. Alikuwa na pikipiki moja, Honda ya tangi jekundu, na kwa pikipiki hiyo alikwenda Kasenga, kwenye mto Luapula, akarudi na vikapu vya samaki vilivyopanda mpaka juu ya kichwa chake. Watoto wa Kamalondo waliijua sauti ya pikipiki hiyo kabla haijakata kona. Ilikuwa ikianza kwa kukohoa, halafu inatulia na kusema pole pole, sawasawa, kama mtu anayevuta tasbihi. Donat, baba yake Madeleine, mwalimu kutoka Kasai aliyekaa nyumba ya pili, alikuwa akitoka barazani na kusema, "Zakari anaingia," na mke wake anabandika maji ya bukari, ugali wetu. Samaki wa kwanza kutoka kikapuni alikuwa wa Donat siku zote.

Kisha ikaja miaka mibaya. Maduka yaliporwa. Watu wenye sare na wasio na sare walichukua kila kitu chenye magurudumu. Papa Zakari alifikiri sana, halafu alifanya jambo ambalo sijapata kulisikia popote pengine. Hakuficha pikipiki nzima. Aliigawa. Alisema mwizi hawezi kuondoka na kitu kisichopumua wala kuwaka. Basi pumzi yake, yaani kabureta, akampa Donat amwekee amana. Moto wake, yaani plagi, akampa binti yake mdogo kabisa, Ramla, kwa sababu hakuna mtu atakayempekua mtoto. Akaifunga kwenye uzi na kumvika shingoni. Mwili uliobaki aliuingiza katika depo, chumba kidogo nyuma ya nyumba walimoweka magunia, akajenga ukuta wa matofali mbele yake na kuupiga lipu. Aliyeingia depo aliona chumba kilichokuwa kifupi kidogo kuliko zamani. Hakuna aliyekuja na futi ya kupimia.

Mpango huo haukuwa na kasoro ila moja. Haikupita muda mrefu, watu wa Kasai walianza kufukuzwa katika mkoa wetu. Donat, aliyefundisha watoto wa Katanga kusoma, alipewa muda wa kukusanya watoto wake na kwenda stesheni. Walilala pale chini, kwenye changarawe, pamoja na maelfu ya wengine, wakingoja treni. Waliacha kitanda, waliacha redio, waliacha meza ya vitabu. Kila mtu alibeba alichoweza.

Na Donat akabeba kabureta.

"Juu ya nini hakuiacha kwa jirani?" nilimwuliza Madeleine, na nakiri nilipaza sauti.

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini mtu anavaa nguo. "Jirani gani? Papa Zakari alitia mu mikono ya Papa. Hakutia mu mikono ya jirani. Papa alisema, amana haiwekwe chini njiani. Kaka yangu Clovis aliibeba ku mapaja mupaka Mwene-Ditu. Alikuwa mutoto. Treni ilijaa, bantu banalia, na yeye iko napakata chuma kama bébé."

Fikirini hali hiyo. Zakari huku Lubumbashi alijua rafiki yake amekwenda, hakujua kama yuko hai. Donat huko Mwene-Ditu, Kasai, aliishika kabureta, hakujua kama pikipiki bado ipo. Kila mmoja alifanya lililo sahihi, na kwa sababu hiyo pikipiki ilikaa gizani zaidi ya miaka thelathini.

Miaka mingi baadaye, amani iliporudi kidogo, watu walimwambia Papa Zakari abomoe ukuta, anunue kabureta nyingine. Zilikuwepo sokoni za kila aina. Ramla ananisimulia jibu la baba yake kwa sauti ya baba yake: "Nikitia kabureta ingine, ni kusema nasema Donat ni mwizi." Basi ukuta ukabaki. Ramla akakua, akaolewa, akawa mjane, akarudi kwa baba yake, na plagi ikiwa bado shingoni, kwa sababu na yeye alikuwa amekabidhiwa amana.

Siku ile Madeleine alipofungua furushi, Papa Zakari alichukua kabureta kwa mikono miwili. Hakulia. Aliinusa, kama anavyonusa samaki kujua umri wake. Kisha akauliza, "Donat iko wapi?"

Madeleine aliinamia sikio la kushoto. "Papa alituacha, Papa Zakari. Mwaka yenye ilipita. Alisema muipeleke kwa mikono, musiitume."

Mzee aliinamisha kichwa, akasoma Fatiha kimya kimya kwa ajili ya rafiki yake. Madeleine akafanya ishara ya msalaba. Ramla akazima redio ya jirani kwa kupiga kelele juu ya ukuta: "Zimeni ile redio! Tuko na bageni!" Halafu Papa Zakari akasimama, jambo ambalo hakulifanya bila msaada tangu mwezi uliotangulia, akasema, "Muniletee nyundo."

Ukuta tuliubomoa sote. Tofali la tatu au la nne lilipotoka, mwanga wa alasiri uliingia kwenye tundu na kuangukia kitu chekundu. Vumbi lilikuwa likicheza katika mwanga, na nyuma ya vumbi tangi lilikuwa limekaa pale, kimya, na rangi yake. Nimesoma vitabu vingi kuhusu makaburi ya wafalme yaliyofunguliwa baada ya karne nyingi. Siku ile niliona kwamba waandishi wake walishindwa kueleza harufu. Ilikuwa harufu ya petroli kuukuu, ya panya, ya magunia, na chini yake, amini usiamini, ya samaki wa Kasenga.

Matairi yalikuwa yamepasuka kama udongo wa kiangazi. Kiti kilikuwa kimeliwa. Lakini mahali plagi ilipotoka, Papa Zakari alikuwa amemimina mafuta ndani ya injini na kuziba tundu kwa gunzi la hindi lililofungwa kitambaa. Gunzi lilikuwapo, jeusi na gumu. Ramla alilizungusha pole pole likatoka, akaingiza kidole, na kidole kikatoka kinameremeta. Alisukuma kiki ya kuwashia kwa mkono. Injini ilizunguka. Baada ya miaka yote hiyo ilizunguka kama mlango uliofungwa jana.

"Mungu wangu," alisema Madeleine.

"Na wangu," alisema Ramla.

Sasa nieleze kuhusu kiti cha Papa Zakari.

Sikio lake la kulia lilifungwa tangu mvua za mwaka jana. La kushoto linafuata. Hospitalini walimwambia ni uzee, hakuna dawa. Kila asubuhi, kabla ya wateja, Ramla anakanyaga cherehani bila kuweka nguo. Baba yake anafumba macho. Akisikia, anainua kidole. Asiposikia, Ramla anasogeza kiti karibu. Mwanzoni kiti kilikuwa mlangoni mwa ua. Kikaja chini ya mpapai, kikaja barazani. Mimi nilipokikuta kilikuwa tayari kando ya meza.

Ndiyo sababu Ramla alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Papa Zakari hakutaka kupanda pikipiki hiyo, miguu haimruhusu. Hakutaka kuiuza. Alitaka kuisikia tu, kile kikohozi cha kwanza na ule utulivu unaofuata. Injini ina nguvu kuliko cherehani, hiyo ni kweli, lakini mzee alisema hataki kusikia kelele, hata kiziwi husikia kelele kwa kifua. Alitaka kuisikia yenyewe, kama unavyotambua sauti ya mtu.

Ramla alijua injini kidogo, kwa sababu utotoni alimshikia baba yake funguo za spana, na cherehani yake haijawahi kutengenezwa na mtu mwingine. Asichokijua alimwuliza Dédé, fundi wa pikipiki za wewa, zile za kubeba abiria, mwenye banda lake ng'ambo ya barabara. Dédé ni kijana mwenye mdomo mrefu. Alipoiona Honda ikitolewa uani alishika kiuno.

"Mama Ramla, ile unauzisha kwa kilo ao kwa kipande?"

"Nitakuuzisha weye kwa kilo, hautafika nusu."

"Vraiment, ile chuma ilikufa mbele nizaliwe!"

"Njo maana iko na adabu kukushinda. Leta spana."

Alileta spana. Na kuanzia siku hiyo alikuwa akija kila banda lake linapopoa, akidai amekuja kucheka.

Tangi lilikuwa na kutu ndani. Dédé alisema litiwe changarawe na litikiswe mpaka kutu itoke. Ramla alikataa changarawe. Alikuwa na debe zima la vifungo vya chuma vya suruali za jinzi, akavimimina ndani na petroli kidogo. Kisha akatangaza sheria yake: mteja yeyote atakayekuja kuchukua nguo lazima kwanza atikise tangi. Niliona mama wa kwaya, amevaa kofia ya Jumapili, akikumbatia tangi na kulitikisa kwa mdundo wa wimbo. Niliona polisi wa barabarani, aliyekuja kwa kola ya shati, akitikisa na kulalamika na kutikisa. Mimi nililitikisa mpaka mabega yakauma, na suruali yangu, nadhani mmeshatambua, ilikuwa bado haijawa tayari. Mwisho wa yote Ramla alimwaga vifungo, akamulika ndani na simu, na tangi lilikuwa jeupe kama sufuria mpya.

Ikafika siku ya kujaribu. Matairi mapya, nyaya mpya, mafuta mapya. Kabureta ikafungwa mahali pake. Ramla alivua uzi shingoni, akaitoa plagi, akaifunga. Papa Zakari aliketi karibu na injini, sikio la kushoto mbele. Madeleine alishika rozari. Dédé, aliyekuja kucheka, alivua kofia.

Ramla akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, na tena. Dédé akapiga mpaka jasho likamtoka puani. Cheche ilikuwepo, tuliiona, ya buluu, safi. Petroli ilikuwepo. Lakini injini haikutoa hata pumzi.

"Imewaka?" aliuliza Papa Zakari.

Ramla alifungua kabureta, akachungulia, akanusa, akageuka pole pole.

"Dada Madeleine. Mulikuwa munaitunza namna gani hii kitu?"

"Muzuri!" alisema Madeleine kwa fahari. "Kila mwaka, siku yenye tulifika Mwene-Ditu, Papa alikuwa anaitoa mu kitambaa, anaipakaa mafuta, fashi yote, inje na ndani. Isishike kutu. Alipoenda kwa Mungu, Clovis akaendelea."

"Mafuta gani?"

"Mawese. Mafuta gani ingine?"

Mafuta mekundu ya mawese, mwaka baada ya mwaka, tabaka juu ya tabaka, yalikuwa yameganda katika vitundu vyembamba vya kupitishia petroli na kuwa magumu kama nta. Upendo wa Donat ulikuwa umeziba koo la pikipiki.

"Mulitaka kuipika na majani ya sombe?" alisema Dédé.

Ramla ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini, na Madeleine akacheka huku akijifuta machozi na kitenge, na mzee, ambaye hakusikia neno, alicheka kwa kuwaona wanacheka. Alipoelezwa sikioni, aliacha kucheka. Alichukua kabureta, akapitisha kidole gumba juu ya ule wekundu ulioganda. "Kila mwaka?" aliuliza. "Donat alifanya hii kila mwaka?" Akaishika hivyo kwa muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Kuisafisha kulichukua subira kubwa. Ramla aliichemsha kwa maji na sabuni ya mche, ambayo nayo hutengenezwa kwa mawese, akasema wacha ndugu amtoe ndugu. Wekundu ulipanda juu ya maji. Lakini vitundu vilibaki vimeziba. Ramla alichukua sindano yake nyembamba kabisa, na hapo Dédé akaruka kama aliyeona nyoka.

"Apana sindano! Mama, apana! Ukipanua ile tundu kidogo tu, inakunywa petroli kama mulevi, haitawaka hata siku moja!"

Mwanamke aliyeishi kwa sindano maisha yake yote aliiweka chini. Alitazama huku na huku, kisha akakata kipande cha uzi wa nailoni, ule ule uliobeba plagi shingoni mwake tangu uzi wa mwisho ulipochakaa. Nailoni ni laini, haikwaruzi shaba. Aliusukuma kwenye tundu dogo kuliko yote, akausukuma, akapuliza, akasukuma tena. Ulipotokea upande wa pili aliinua kabureta kuelekea jua na kutuita mmoja mmoja tuchungulie. Nilichungulia. Niliona nukta ya mwanga, ndogo kama nyota.

Wakati huo Madeleine alikuwa amempigia simu kaka yake Clovis huko Mwene-Ditu kumweleza habari ya mawese. Clovis hakucheka. Alisema, na sote tulimsikia kwa sababu simu ilikuwa imewekwa kwenye spika: "Musiiwashe. Niko nakuya. Ni miye niliibeba."

Ramla aliishiwa na subira. Treni ya kutoka Kasai ni safari ndefu, na siku ya kufika haiahidiwi na mtu. Alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake.

"Papa, tuwashe leo. Clovis ataisikia akifika. Yeye iko na masikio mbili. Weye uko na nusu."

"Ngojeni mutoto wa Donat."

"Na kama sikio inafunga mbele ya treni kufika?"

"Itafunga." Mzee alimwekea mkono juu ya kichwa. "Ramla, bao balingoja miaka yote ile na hii chuma. Miye nishindwe kungoja treni?"

Ramla aliondoka akaubamiza mlango. Nilimsikia ndani akikanyaga cherehani kwa hasira, bila kushona kitu. Baadaye alitoka, akafunga kabureta mahali pake, akaifunika pikipiki kwa shuka safi, na akairudisha plagi shingoni kwa uzi mpya.

Tangu siku hiyo tunangoja. Simu za Clovis zinakuja na kupotea. Treni ilikuwa Kamina. Kisha hakuna habari. Kisha Bukama. Jana usingizi haukunijia, mimi ambaye pikipiki si yangu wala ya baba yangu.

Asubuhi ya leo kiti cha Papa Zakari kimegusa cherehani. Hakuna tena mahali pa kukisogeza. Ramla alikanyaga, na mzee alikaa muda, macho yamefumbwa, mkono juu ya meza, ndipo akainua kidole. Ramla alinitazama. Hakuuliza, nami nilijua anachotaka kuuliza: amesikia, au mbao zimemwambia?

Kisha Dédé akavuka barabara mbio, simu ya Madeleine mkononi. "Likasi! Banatoka Likasi!"

Sasa ni alasiri, na ua umejaa. Madeleine yuko jikoni na sombe, na kila mtu anamwonya asiyasogeze mawese karibu na injini. Mama wa kwaya amekuja bila nguo ya kushona. Shuka limeondolewa, na tangi jekundu linameremeta juani. Ramla amevua plagi. Shingoni mwake umebaki mstari mwembamba, mweupe kuliko ngozi nyingine, mahali uzi ulipokaa tangu utoto. Ameiingiza plagi kwa vidole, akaizungusha kidogo tu, na spana ameiweka juu ya kiti cha pikipiki. Kukaza ni kazi ya Clovis.

Mimi naandika haya kwenye goti langu, nimevaa suruali yangu, ambayo imekuwa tayari hatimaye. Ramla ameketi nyuma ya cherehani kwa mazoea, miguu yake iko chini, haikanyagi kitu. Gurudumu limesimama.

Na Papa Zakari, macho yamefumbwa, ameinua kidole.

Dédé amewapigia kelele wewa wa barabarani wazime injini zao. Redio ya jirani imezimwa. Tumegeuka sote, tunatazama upande wa reli, treni inakotokea.